UZI: Maisha ya kazini kwenye karakana ya kugeuza taka kuwa bidhaa (mrefu kidogo, vuta kiti)

Mchambuzi wa Magunia

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama hizi karakana za kugeuza taka kuwa bidhaa zina maslahi. Jibu la adabu kuliko yote aliyopata ni kwamba aende dampo la Pugu Kinyamwezi akachukue fomu. Nilicheka, lakini ugali wangu unatoka kwenye kazi hiyo hiyo, kwa hiyo nimeona nimfungulie uzi kabisa. Jina la tunapofanyia kazi sitalitaja, bado napahitaji.

Tuko pembezoni mwa Dar, kwenye ghala lililokuwa la korosho. Kinachoingia ni chupa za kioo, ndala zilizookotwa ufukweni, mabango ya turubai yaliyoshushwa barabarani, tyubu za malori na mapipa ya mafuta. Kinachotoka ni glasi, taa za kuning'iniza, mikoba, viti na wanyama wa ndala. Getini kuna twiga wa ndala anayemzidi mlinzi kimo, na mlinzi humtundikia redio yake shingoni.

Mtu akiona hayo anadhani tunashinda tunabuni. Wabunifu wapo wawili tu, na hata wao nusu ya siku wanashika brashi. Kazi yenyewe ni kuchambua na kuosha. Ukitaka kujua kama karakana ya aina hii itadumu, achana na vinyago vilivyopangwa dukani, zunguka nyuma ukaone meza ya kuchambulia na karo.

Chukua ndala. Gunia linafika na mchanga, makombe yaliyogandia, misumari, mara nyingine kaa mzima mzima anatoka mbio. Kwanza unang'oa mikanda, kwa sababu mikanda mingi ni plastiki ngumu kuliko soli, na kisu cha mchongaji kikikutana nayo ndani ya bonge kinaruka. Kisha sabuni na brashi, kuanika, kuchambua kwa rangi, kuchambua tena kwa unene. Hapo ndipo zinapakwa gundi na kubandikwa moja juu ya nyingine mpaka liwe bonge la kuchongwa. Baada ya kisu inakuja msasa, halafu kuoshwa tena. Mchongaji wetu mkuu alitoka kwenye mpingo, alikuwa kwenye soko la vinyago la Mwenge miaka mingi. Anasema mpingo ni mgumu kwa hiyo unakupa muda wa kufikiri, lakini ndala inakubali kila kitu, ukija kushtuka tembo hana sikio.

Vituko sasa. Bosi wetu haamini kwamba kuna kitu cha kutupa. Anakagua ndoo ya taka ya ofisini jioni kabla hajafunga. Aliwahi kukuta kalamu iliyoisha wino, kesho yake asubuhi tukaitishwa kikao. Matokeo yake kuna kabati kubwa la chuma limeandikwa ITAFAA. Ndani yake mna springi za kalamu, vitasa visivyo na funguo, funguo zisizo na vitasa, lenzi za miwani, na seti ya meno bandia iliyotoka kwenye gunia la ndala za Kigamboni. Mpaka leo meno hayajafaa.

Kingine: sisi watu wa kutengeneza glasi kwa chupa tunakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki vya Kichina. Wageni wakiona wanashangaa. Sababu ni kwamba kioo cha chupa hakikutengenezwa kwa ajili ya kupashwa ghafla. Ukimimina chai iliyochemka kwenye glasi iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya mvinyo, ndani inatanuka kabla ya nje, kitako kinabaki mezani na chai inabaki kwenye suruali. Juisi, maji, soda, hapo hakuna tatizo.

Naenda kula, nitarudi na sehemu ya maslahi. Wenye uzoefu karibuni muongezee.

Jirani wa Kitunda

Nimekaa mbele kabisa. Meno bandia tengenezeni kinyago cha mamba.

Kibarua Mstaafu

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila naomba kuuliza bila kukukwaza. Hizo bidhaa zenu nimeziona kwenye maduka ya Masaki. Glasi iliyokatwa kwenye chupa ya Konyagi inauzwa bei ya dazeni ya glasi mpya Kariakoo. Malighafi mnaokota. Hapo mnatuibia au mnatuibia?

Mchambuzi wa Magunia

Mzee wangu, shikamoo kwanza.

Malighafi hatuokoti, tunanunua. Chupa inaokotwa na mtu, mtu huyo analipwa kwa kilo, kilo zinabebwa na bajaji au kirikuu, na dereva hafanyi kwa sababu anapenda mazingira. Ikifika inalowekwa lebo itoke, na kuna lebo zenye gundi ya laana kabisa. Inakatwa kwa gurudumu lenye chembe za almasi huku maji yanatiririka, sababu ukikata kavu kioo kinapata moto na kupasuka, na vumbi lake si la kuvuta. Gurudumu linaisha. Kisha ukingo unasagwa kwa msasa wa maji, kwanza wenye chembe kubwa, halafu mlaini, halafu mlaini zaidi, mpaka mdomo wa mnywaji usikatike. Kila hatua ina zinazovunjika.

Yule wa glasi mpya ana mashine inayotema glasi usiku kucha bila kuguswa na mkono. Sisi glasi moja imepita mikono ya watu watano. Bei unayolipa ni ya mikono hiyo, pamoja na umeme na kodi ya duka la Masaki, ambayo hiyo sasa nakubali ni wizi.

Mwanamaji wa Shela

Salamu kutoka Lamu, ndugu zangu wa Bara na Tanzania.

Huo mwanzo wa ndala ulikuwa huku kwetu kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kule Kiwayu, karibu na hifadhi ya bahari ya Kiunga, watoto walikuwa wakichonga vidude vya kuchezea kutokana na ndala zilizoletwa na mawimbi. Mtaalamu wa bahari, Julie Church, akaviona, akawahimiza kina mama wavitengeneze na kuviuza. Kutoka hapo ndipo ikaja kampuni ya Ocean Sole ya Nairobi ambayo sasa tembo wake wa ndala wako kwenye mahoteli ya dunia. Nyingi ya ndala hizo hazikuvaliwa hata na mtu wa Lamu. Mkondo wa bahari wazileta kutoka ng'ambo, sisi twaamka asubuhi twazikuta.

Na kuna jahazi la FlipFlopi. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, mtu wa ukoo wa ufundi wa vyombo. Mkuku, mataruma, mbao zake zote ni plastiki iliyorejelezwa, kisha likavikwa ndala kama 30,000, rangi tele. Urefu wake mita tisa hivi. Lilishushwa majini hapa Lamu Septemba 2018, na mapema 2019 likaenda kwa tanga hadi Unguja, safari ya takriban kilomita 500, likisimama bandari kwa bandari. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mafundi hawakuigeuza kazi yao. Walisubu plastiki ikawa magogo, kisha wakaishika kwa tezo, msumeno na keekee vilevile washikavyo mbao. Tofauti ni uzito, na vile plastiki hupinda. Mbao ukiilazimisha yakwambia.

Mchambuzi wa Magunia

Mwanamaji ubarikiwe. Mchongaji wetu nimemsomea aya ya mwisho, amesema "mwambie nimemwelewa".

Krasha la Temeke

Ngoja mimi nije na upande wa plastiki maana naona mmejaa kwenye urembo. Sisi hatutengenezi twiga, sisi tunanunua makopo, tunasaga, tunauza kwa tani. Lakini kwenye kuchambua nipo na mtoa mada asilimia mia.

Raia wanaona plastiki ni plastiki. Chupa moja ya maji ina plastiki mbili au tatu: mwili ni PET, kizibo ni aina nyingine kabisa, lebo ni nyingine. Ukiyeyusha pamoja unapata uji usio na mteja. PET inahitaji joto kama nyuzi 250 na zaidi ndiyo iyeyuke, wakati plastiki ya kizibo imeshayeyuka zamani kwenye 130 au 160 na ukizidisha inaungua.

Bahati nzuri maji yanatusaidia. Ukishasaga unamwaga kwenye tangi, vipande vya PET vinazama, vya vizibo vinaelea. Unakinga vya juu kwa chujio, vya chini unavifungulia. Adui ni PVC, ile plastiki ya mabomba, kwa sababu nayo inazama pamoja na PET, na kidogo tu ikiingia inaharibu mzigo mzima na kutoa moshi wa tindikali unaokula mashine na mapafu.

Mzee mmoja wa pale kwetu hana cheti chochote lakini ananasa PVC kwa kipande cha waya wa shaba. Anaupasha mpaka uwe mwekundu, anaugusisha kwenye plastiki, anaurudisha motoni. Moto ukitoa kijani, hiyo ina klorini, weka pembeni. Siku wakaguzi wa kiwanda kimoja walikuja na kifaa chao cha bei mbaya, wakaanza kupima, mzee anapima pembeni kwa waya wake. Walipomaliza walikuwa wanamuuliza yeye.

Na bei jamani. Nyeupe ina bei, bluu bei kidogo, kijani kidogo zaidi, nyeusi omba Mungu. Mwaka 2018 China walipofunga mlango kwa taka za nje, dunia nzima ilitikisika. Mwaka 2020 mafuta yalipoporomoka, plastiki mpya ikawa rahisi kuliko iliyosagwa, tukakaa na magunia mpaka panya wakazaana. Wewe uko Temeke, unakosa hela ya kodi kwa sababu ya bei ya mafuta ghafi Ulaya.

Mjukuu wa Bi Hawa

Kaka Krasha, hilo la mafuta nalijua. Hata akina mama wanaookota huku mitaani walikuwa wanaambiwa tu "bei imeshuka", hakuna anayewaeleza kwa nini. Mtu anashinda juani, anafika kwenye mzani anakuta kilo ya leo si bei ya jana. Na mizani yenyewe mnajua inavyochezewa.

Krasha la Temeke

Dada hapo umenishika pabaya. Mizani kuchezewa ipo. Na wao wanalowesha makopo au wanaweka mchanga ndani. Yaani ni vita ya kimya kimya.

Mjukuu wa Bi Hawa

Aliyeanza ni mwenye mzani.

Kijana wa Fomu

Mimi ndiye niliyeuliza ule uzi mwingine 😂 Wakuu asanteni. Nina swali. Nimeona mtandaoni watu wanatengeneza tofali za kupanga uwanjani kwa plastiki na mchanga. Nina pipa, nina kuni, nina mchanga, mtaani plastiki imejaa. Si naanza tu?

Krasha la Temeke

Usianze. Au anza, lakini jirani zako watakuroga.

Pipa juu ya kuni huwezi kulidhibiti joto. Chini inaungua, juu haijayeyuka, moshi unaenda kwa mama mwenye mtoto mchanga nyumba ya tatu. Hujachambua, ndani umetia PVC, hapo unapika sumu. Nairobi kuna Gjenge Makers ya Nzambi Matee, wanatengeneza hizo tofali vizuri, mwaka 2020 alitunukiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kama mmoja wa vijana mabingwa wa dunia. Ila yule ni msomi wa sayansi na alikaa kwenye majaribio muda mrefu kabla ya kuuza hata tofali moja. Ana mashine ya kuchanganya kwa joto linalopimwa na mashine ya kugandamiza. Kitu unachokiona kwenye video ya dakika mbili ni mwisho wa safari.

Jua Kali wa Kamukunji

Niongeze kutoka Nairobi. Hapa Kamukunji tumekuwa tukifanya haya kabla hayajapewa jina la Kizungu. Pipa linapigwa nyundo linakuwa jiko, sufuria kubwa, sanduku la mtoto wa bording. Hakuna aliyetuita wanamazingira, tuliitwa watu wa kelele.

Shida yetu ni vyuma. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima baada ya minara ya stima kuharibiwa na nchi kukaa gizani. Ilikaa miezi kadhaa hadi ikaondolewa. Wezi walikuwa wachache, waliolala njaa ni wengi. Tangu hapo ukibeba waya wa kopa hata wako wa halali unatembea ukiangalia nyuma. Huko kwenu mnanunua vyuma vipi?

Mchambuzi wa Magunia

Kaka wa Kamukunji, sisi tunachukua mapipa tu na tunaandika nani kaleta, kitambulisho na kila kitu. Shaba hatugusi. Mifuniko ya chemba barabarani hata tukiletewa bure tunamfukuza mtu. Betri, mafuta machafu na vifaa vya umeme navyo hapana, hizo ni taka hatarishi, zina vibali vyake vya mamlaka ya mazingira na hatunavyo.

Sasa maslahi, kama nilivyoahidi.

Kwetu kuna makundi mawili. Wenye mkataba wa mwezi na NSSF, hao ni wakata chupa, washonaji, wachongaji na mimi wa kuchambua niliyepanda nikawa msimamizi. Halafu kuna deiwaka wanaokuja mzigo ukiwa mwingi. Karakana niliyokuwa kabla ya hapa walilipa kwa kipande kilichokamilika. Inasikika haki mpaka ujue kwamba chupa ikivunjika mkononi mwako, kazi yote ya kabla haihesabiwi. Kioo kina nyufa ambazo hazionekani, nyingine zinatoka na chupa tangu kiwandani. Watu walikuwa wanakimbilia chupa nene za mvinyo unaometa na kuwaachia wageni kazini chupa nyembamba. Asubuhi ni ugomvi wa nani kawahi gunia lipi. Hapa tulipo kuvunjika ni hasara ya karakana, na ajabu ni kwamba zinavunjika chache zaidi, maana hakuna anayekimbia.

Msimu ndio mtihani. Wateja wetu wakubwa ni watalii na mahoteli, na chupa zetu nyingi zinatoka kwenye mahoteli hayo hayo. Bia za hapa kwetu zinarudishwa kreti kwa kreti, hazifiki kwetu. Tunapata mvinyo, pombe kali na zile bia za nje. Kwa hiyo watalii wasipokuja unakosa vyote kwa mpigo, malighafi na mnunuzi. Mwaka 2020 tulishona barakoa mpaka tukazichukia.

Binti wa Mkunazini

Hapo ndipo penyewe! Sisi Unguja ndiyo maisha yetu. Hoteli zote za mashamba na pwani zinakunywa, chupa zinaingia na meli wala hazitoki. Kiwanda cha vioo kisiwani hakuna, kuzirudisha Dar gharama ya mashua yapita thamani ya chupa. Wenyeji walikuwa wakichimba shimo nyuma ya hoteli, wanafukia, yamekwisha. Ndiyo maana watu kama Chako wakaanza kuzikata wakafanya taa na glasi, na wengine wanazisaga zikatumika kwenye zege.

Nilipata kufanya kazi karakana moja miaka ya nyuma. Sitaisema. Kilichonitoa ni siku za wageni. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchora kwenye kioo kwa drili, maua ya mlango wa Mji Mkongwe, kazi ya macho na subira. Wageni wakija na kamera naambiwa niache kioo nishike gunia, nisimame kwenye lundo. "Ndivyo wanavyopenda kuona." Mama yangu aliiona picha kwenye simu ya mtu, akaniuliza mbona niliwaambia naenda kazini kuchora.

Kibarua Mstaafu

Binti, pole sana. Hilo la gunia limeniuma kuliko bei ya glasi.

Mchambuzi wa Magunia

Dada wa Mkunazini, hilo lipo kila mahali na kwetu tuligombana nalo. Mfadhili alitaka picha ya "aliyetolewa jalalani". Mshonaji wetu, mama wa Kigogo mwenye cherehani yake tangu ujana, akamwambia mkalimani: mwambie mimi nimetolewa kwa mume wangu, jalalani sijawahi kufika. Bosi alicheka, akakubali kwamba picha zipigwe mtu akiwa kwenye kazi yake halisi au zisipigwe. Mauzo hayakushuka. Watu wananunua mkoba kwa sababu unapendeza na zipu haikwami.

Mhehe wa Kihesa

Kamwene wakuu. Mmewasahau Neema Crafts hapa Iringa. Walianza mwaka 2003 na watu wenye ulemavu, na karatasi zao za kwanza kujulikana ni za kinyesi cha tembo. Tembo anakula majani na magome, tumbo lake halimalizi kazi, nyuzi zinatoka nzima. Unachemsha, unaosha, unaosha tena, unatandaza kwenye wavu, unakausha. Karatasi haina harufu yoyote, nawaapia. Mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara zilizochorwa kwenye menyu. Arusha nako kuna Shanga, wanayeyusha chupa na kupuliza vioo, nao wafanyakazi wengi ni wenye ulemavu.

Mchambuzi wa Magunia

Mhehe, asante, na hapa nikupe kitu. Chumba chetu cha kusaga kioo kina kelele, ukivaa viziba masikio ndiyo kabisa. Tulikuwa tunapigiana mayowe na kurushiana vipande vya ndala ili mtu ageuke. Wakaajiriwa vijana wawili viziwi. Ndani ya muda mfupi chumba kizima kilikuwa kinazungumza kwa mikono, na wao ndio wanaotucheka sisi tunavyokosea. Sasa ndicho chumba chenye umbea mwingi kuliko vyote, na bosi akipita haambulii kitu.

Chumba cha kushona nacho ni taarabu, chumba cha msasa wa ndala ni singeli. Mlango ulio katikati umegombaniwa mpaka ukatolewa bawaba, ukageuzwa meza.

Jirani wa Kitunda

😂😂 Suluhisho la kikarakana hilo.

Mkuu, Mhehe kasema Shanga wanayeyusha chupa, ninyi hamyeyushi?

Mchambuzi wa Magunia

Hatuyeyushi. Tanuri la kupulizia kioo linataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na ukishaliwasha hulizimi hovyo, gesi yake ni kodi ya nyumba. Kuna lingine watu hawalijui: kioo cha kijani cha chupa hii na kioo cheupe cha chupa ile havitanuki sawa. Ukivichanganya vinashikana vizuri, kinapoa, unakipanga dukani, usiku unasikia "tak". Hata cha aina moja lazima kipoe taratibu ndani ya tanuri kwa masaa mengi. Shanga na wenzao wana utaalamu huo. Sisi tunakata na kusaga, basi. Vipande vilivyovunjika tunavitenga kwa rangi na kuwauzia wanaovipeleka kuyeyushwa.

Kijana wa Fomu

Basi nisaidie la mwisho mkuu. Sina pesa ya mashine. Nina mikono. Naingiaje?

Mchambuzi wa Magunia

Mdogo wangu, usiende na barua ya "natafuta kazi yoyote". Kila wiki tunapata. Nenda na kitu ulichokitengeneza, hata kama kibaya, tuone mkono wako. Tyubu ya lori inapatikana kwa mafundi tairi. Kata, osha kwa sabuni ya unga, piga sindano ya viatu, tengeneza pochi moja. Ukitaka makatambuga, tafuta tairi za nailoni zisizo na nyaya, zenye nyaya zitakumaliza visu na vidole.

Ukipokelewa omba uanzie meza ya kuchambulia. Wengi wanaikimbia kwa sababu inanuka. Lakini ukikaa pale utajua kila kitu kinachoingia, kinatoka wapi, kipi kinafaa na nani anapunja. Kwetu anayekijua kitu gunia likiwa bado limefungwa ndiye anayeitwa kwenye kikao cha bei.

Na uliza mambo matatu kabla hujakubali: chupa ikivunjika nani anaumia, glavu na barakoa nani ananunua, na deiwaka anakaa miezi mingapi kabla ya mkataba. Wakijibu kwa kuzunguka, shukuru uondoke.

Mjukuu wa Bi Hawa

La nne: wanawalipa waokotaji siku hiyo hiyo au wanawaandikia daftari?

Mchambuzi wa Magunia

Kweli dada, na hilo ndilo lingekuwa la kwanza.

Kirikuu cha Mbagala

Nimesoma yote nikiwa kwenye foleni Mtongani. Mkuu, nina tyubu za Scania kama kumi na tano na turubai mbili za tangazo la simu, zimelala nyuma ya gari tangu mwezi uliopita. Mnachukua?

Mchambuzi wa Magunia

Tunachukua. Tyubu zenye viraka vingi weka kando, tunalipa nusu. Turubai usizikunje, zizungushe, mkunjo unaacha mstari mweupe na pale hapashonwi. Njoo inboksi nikupe ramani. Jumamosi tunapima mpaka saa saba mchana, ukichelewa hapo utamkuta mlinzi tu.